Baba mdogo, Land Rover ya babu isiuzwe

Najua nimepotea. Mara ya mwisho niliandika kabla ya TP, nikaahidi kwa mbwembwe kwamba nitaandika kila wiki kutoka milimani Upare, halafu kimya. Kule nilikopangiwa mtandao unashika ukisimama juu ya jiwe moja tu nyuma ya nyumba za walimu, na jiwe lenyewe lilikuwa na foleni kuliko benki siku ya bumu. Sasa nimerudi chuo na sina pa kujificha.

Leo nataka kuandika juu ya magari. Msicheke. Sina gari, sina leseni, na bumu langu haliwezi kununua hata seti ya tairi. Ila nina maoni, na niliulizwa maoni hayo mbele ya watu, nikaangalia chini kama mwanafunzi ambaye hajafanya homuweki. Kwa hiyo hili ni jibu lililochelewa.

Mwezi uliopita babu aliita kikao cha ukoo. Mnajua Wapare tunavyosemwa kwa kupenda kesi, basi kikao chetu nacho kilikuwa kesi. Mshtakiwa alikuwa Land Rover. Ni ile 109 ya babu, Series III, injini ya dizeli, aliyoinunua kwenye mnada wa serikali mwaka 1986 ikiwa tayari imeshatumika. Inalala chini ya mparachichi. Imebeba tangawizi, mabati, maharusi, wagonjwa na marehemu, na baadhi ya hao walibebwa kwa nafasi zaidi ya moja katika maisha yao.

Baba mdogo anaishi Dar. Hoja yake ilikuwa fupi: kuna mtu Arusha anaitaka kwa bei nzuri. Anasema tangu lile tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha Oktoba 2024, ambapo zilikusanywa Land Rover kwa mamia ili kuvunja rekodi ya dunia ya msafara, watu wenye hela wamezidi kuzisaka za zamani. Tuiuze, tununue gari dogo la kisasa, bibi apate kwenda kliniki Same bila kutikiswa. Watu wakaitikia kwa vichwa.

Babu akanigeukia. "Mwalimu, wewe ndiye msomi hapa. Unasemaje?"

Nikasema, "Mimi sina la kuongeza, babu." Uongo mtupu. Nilikuwa na la kuongeza, tena refu. Ila baba mdogo ndiye anayenitumia hela bumu likichelewa, na mdomo uliolishwa huwa mzito kufunguka. Uamuzi umesogezwa mpaka mwisho wa mwezi huu. Baba mdogo, kama unasoma hapa, shikamoo. Usinikatie hela ya chakula kabla hujafika mwisho.

Kwanza tukubaliane maneno. Hapa kwetu ukisema "gari jipya" unamaanisha nini? Watu wanaangalia namba. Mwenye namba E anamcheka mwenye namba C, na mwenye namba A haongei kabisa. Lakini herufi ile inasema gari lilisajiliwa lini Tanzania, haisemi lilitengenezwa lini. IST nyingi zinazong'aa mjini na namba E ni za toleo la kwanza, lililoanza kutoka kiwandani mwaka 2002. Kuna ambazo zimemzidi umri mdogo wangu aliyemaliza kidato cha nne. Kule Japani gari la binafsi linakaguliwa baada ya miaka 3 ya mwanzo, halafu kila baada ya miaka 2, na ukaguzi wenyewe ni ghali. Gari la petroli likivuka miaka 13 kodi yake ya mwaka inapandishwa. Kwa hiyo Mjapani analichoka, linapanda meli, sisi tunaliita jipya.

Serikali zetu nazo zina maoni. Kenya hawapokei gari lililotumika likizidi miaka 8. Uganda walifunga mlango mwaka 2018 kwa yale yenye miaka 15 na zaidi. Tanzania hatukufunga, ila ukiagiza gari lililozidi miaka 10 unaongezewa ushuru wa uchakavu juu ya ushuru mwingine. Kumbe hata gari dogo analolisema baba mdogo, kwa macho ya mtu wa forodha huenda ni zee tu.

Basi mimi nikisema gari la kisasa sihesabu miaka. Nahesabu kompyuta. La kisasa ni lile ambalo injini yake inaongozwa na kontroli boksi na masensa. La zamani ni lile ambalo ukifungua boneti unaona kila kitu kinachofanya kazi, na ukikigonga kinaitikia.

Sasa niwape visa viwili, vyote vya barabara moja. Kutoka Same unapita Mwembe, halafu unaanza kupanda kuelekea Mbaga na mbele zaidi Myamba, kwenye tangawizi. Barabara ya udongo, kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa mlima na upande mwingine hewa. Mvua ikinyesha udongo unakuwa sabuni.

Kisa cha kwanza ni cha Desemba. Baba mdogo alikuja likizo na gari dogo la Kijapani, la kuazima kwa rafiki yake. Akampeleka bibi kliniki ya presha Same. Safari ya kushuka ilikuwa raha: vioo vimefungwa, kiyoyozi, kwaya inaimba. Bibi alisema hajawahi kufika Same nywele zikiwa bado zimechanwa. Wakati wa kurudi, juu kidogo ya Mwembe, ikasikika ko! chini ya gari. Jiwe. Mita chache mbele taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi, gari likaishiwa nguvu, ukikanyaga mafuta linaguna tu. Mwisho likazima.

Wakaja vijana, wakaja mafundi wawili wa pale Mwembe ambao nawaheshimu sana. Walifungua boneti, wakatazama, wakafunga. Mmoja akasema, "Hili linataka mashine." Mashine ya kusomea gari ilipatikana Moshi, zaidi ya kilomita 100 kutoka Same. Fundi wake alikuja kwa basi siku ya pili yake mchana. Akachomeka waya chini ya usukani, akasoma namba kwenye kioo, akalala chini ya gari. Kulikuwa na waya wa sensa umekatwa na lile jiwe. Akauunga, akafunga utepe mweusi. Dakika kumi hazikufika. Bibi alilala usiku mbili kwa watu Mwembe.

Angalieni jambo lenyewe. Ugonjwa ulikuwa waya uliokatika. Wale mafundi wa Mwembe wanaunga waya tangu wakiwa watoto. Walishindwa kuona mahali pa kuunga, na gari halikuwa na njia ya kuwaambia isipokuwa kwa lugha ambayo hawakuwa na mkalimani wake.

Kisa cha pili ni cha Julai, wakati naenda TP. Hiyo siku nilipanda Land Rover ya abiria, zile ambazo wenyewe wanaziita wan-ten, hata kama nyingine ni 109 kama ya babu. Tumekaa nyuma kwenye mabenchi tunatazamana, magoti kwa magoti, gunia la mchele katikati na jogoo mmoja mwenye hasira. Tulikuwa kwenye mpando mkali tukasikia kishindo, gari likasimama huku injini inanguruma. Utingo akaruka na jiwe, akalisukuma nyuma ya tairi kabla sijamaliza kusema Yesu wangu.

Dereva hakuonyesha hata mshangao. "Shafti." Ile shafti ya nyuma inayopeleka nguvu kutoka kwenye difu hadi kwenye tairi ilikuwa imekatika, na kwa Land Rover za aina hiyo ni ugonjwa unaojulikana. Akainua kiti, akatoa shafti nyingine imeviringishwa kwenye gunia, imepakwa grisi. Akafungua boliti sita katikati ya gurudumu, akavuta kipande kilichovunjika. Tairi halikutolewa, jeki haikutumika. Kipande cha ndani kilimsumbua kidogo, akakivua kwa waya kama mtu anayevua samaki. Akarudishia, akakaza. Nilitazama saa: dakika arobaini na tano. Akaniambia asingekuwa na spea angeunganisha gia ya mbele, tairi za mbele zikatuvuta taratibu mpaka juu.

Nikamwomba kile kipande. Akanitazama, "Mwalimu, unataka chuma chakavu cha nini?" Nikaenda nacho darasani.

Mimi nasomea fizikia na hisabati. Mnajua madarasa yetu ya sekondari: somo kwa Kiingereza, mwalimu anauliza, darasa linatazama dari. Siku ile niliweka shafti iliyovunjika juu ya meza na kuuliza tu, kwa nini imekatika kwa kujisokota namna hii? Kijana mmoja ambaye kwa wiki tatu sikuwahi kusikia sauti yake akasimama. Baba yake ana Land Rover. Akaeleza, kwa Kiswahili, namna nguvu inavyotoka kwenye injini, inavyopita gia boksi, inavyogawanywa kwenye difu, na kwa nini gia ya chini kabisa kwenye mpando ndiyo inayoitesa shafti zaidi. Alichokosa ni majina ya kitabuni tu. Nilimpa majina. Nadhani kipindi kile nilijifunza mimi zaidi kuliko wao.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Sipendi gari la zamani kwa sababu ni zuri kwenye picha. Nalipenda kwa sababu linafundishika. Mtoto akishika spana na kumwangalia fundi mwaka mmoja, gari lile linamfungukia. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa mwaka 1948, ya muundo ule wa zamani ya mwisho ikatoka kiwandani Solihull, Uingereza, Januari 2016. Muda wote huo kitu kikubwa hakikufichwa: chesisi chini, bodi ya alumini juu, boliti zinaonekana. Ndio maana milimani kwetu kuna mafundi wa Land Rover ambao hawajawahi kukaa kwenye darasa la ufundi. Gari lenyewe lilikuwa darasa.

Na tazama kichekesho. Wenzetu wa Ulaya, gari jipya ni la kwendea kazini, la zamani ni la starehe ya Jumapili. Uingereza gari likitimiza miaka 40 linaweza kusamehewa kodi ya mwaka na hata ule ukaguzi wa lazima, kwa kuwa wanajua wengi wanayatoa nje kwa nadra, jua likiwaka. Upare ni kinyume. La zamani ndilo la kazi: mvua, matope, tangawizi, msiba saa nane usiku. La kisasa ndilo la starehe: kanisani, harusini, Moshi kununua nguo za sikukuu. Yule bwana wa Arusha anataka kununua kitu chetu cha kazi akakifanye kitu chake cha starehe. Ataipaka rangi, ataweka tairi kubwa, ataipeleka kwenye maonyesho. Simlaumu, hela ni yake. Lakini siku hiyo kijiji kitakuwa kimepungukiwa gari, na yeye ataongezewa pambo.

Sasa nisiwe mwongo kwa upande wangu pia. Wapenzi wa magari ya zamani tuna tabia ya kusimulia jinsi yalivyotufikisha tu, hatusimulii ilivyokuwa ndani. Ile 109 inakula mafuta, na tangu mwaka 2017 serikali ilipofuta ada ya mwaka ya leseni ya magari na kuongeza tozo kwenye mafuta, anayekunywa sana ndiye anayelipa sana. Inatoa moshi. Usukani wake unataka mtu aliyekula makande akashiba. Breki zake ni za dramu, ukipita kwenye maji zinasahau kazi kwa muda.

Kubwa kuliko yote, nyuma hakuna mkanda hata mmoja. Mkanda wa pointi tatu ulitengenezwa na Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, na kampuni ile ikaruhusu watengenezaji wengine wautumie. Land Rover ya babu ilitengenezwa baada ya hapo, na bado bibi yangu anajishika kwenye bomba kama yuko kwenye mtumbwi. Gari dogo la kisasa lina mikanda, lina mifuko ya hewa, lina breki zisizojifunga ukikanyaga ghafla. Mlimani unakwenda kilomita 15 kwa saa, labda usione tofauti. Lakini ukishuka kwenye lami, lami ina mwendo, na mwendo hauna huruma. Sisi watu wa Same hatujasahau Juni 28, 2025, pale Sabasaba, basi na Coaster zilipogongana zikawaka moto, wakafa watu zaidi ya 35. Kwa safari ya Same kwenda Moshi au Dar, ukiniuliza, nampandisha bibi kwenye gari lenye mkanda na mifuko ya hewa bila kufikiri mara mbili.

Na bibi mwenyewe? Kwenye kikao hakuna aliyemwuliza. Nilimfuata jikoni baadaye. Akasema, "Mimi nataka gari lenye mlango unaofungwa." Kisha akageuza mboga, akaongeza, "Na linalofika." Nikacheka, lakini nikiwa kitandani usiku niliona bibi amesema yote. Baba mdogo anatetea mlango unaofungwa, babu anatetea linalofika.

Kwa hiyo maoni yangu, ambayo nilipaswa kuyasema mbele ya ukoo, ni haya.

Land Rover isiuzwe. Ila isibaki ilivyo. Breki zitengenezwe zote kabla ya mvua za vuli. Mikanda ifungwe mbele, na nyuma mabenchi yageuzwe yatazame mbele, mafundi wa kuchomea wapo, nayo yafungwe mikanda. Mlango wa kushoto ufunge. Watu wasizidi viti, hata kama ni msiba. Hela ya kazi hiyo haifiki robo ya bei ya gari dogo, nimeuliza fundi. Bibi ashuke nayo hadi Same, taratibu. Akihitaji kwenda KCMC, kutoka Same kuna magari ya lami.

Na kama baba mdogo bado anataka kununua gari dogo, anunue, mimi nitakuwa wa kwanza kuomba lifti. Ila alinunue pamoja na kile kifaa kidogo cha kusomea gari kinachochomekwa chini ya usukani na kuongea na simu. Marekani walilazimisha tundu la kusomea magari liwe la aina moja kuanzia magari ya mwaka 1996, na mwaka 2012 wananchi wa jimbo la Massachusetts walipiga kura mafundi wa nje wapewe taarifa zile zile wanazopata mafundi wa kampuni. Hata huko kwenye hela watu waligombania haki ya kujua gari lao linaumwa nini. Kile kifaa wapewe wale mafundi wawili wa Mwembe. Usiku mbili zile za bibi zingekuwa nusu saa.

Maana sitaki mnielewe vibaya, siiogopi kompyuta. Naogopa kitu kinachokuja kwetu bila maarifa yake. Mkondo wa amali umeanza mwaka 2024 katika baadhi ya sekondari, na mimi mwakani Mungu akipenda nitakuwa mwalimu kazini. Siku kijana wangu wa shafti atakapoweza kusoma sensa kama anavyoisoma difu, njooni mniulize tena nachagua gari gani. Huenda nikabadilika. Kwa leo, kwenye barabara ile, nachagua linalofunguka.

Baba mdogo, hayo ndiyo niliyoyameza siku ile. Nitayarudia mbele ya babu mwisho wa mwezi, safari hii kwa sauti. Kama nitakuwa nimekosea nisahihishe pale pale, ila hela ya chakula tafadhali iendelee.

Wasomaji wangu, na nyie kwenu mlimani mnapanda na nini? Niandikieni. Mimi naenda kuandaa ripoti ya TP, imeshachelewa siku nne.